Dogo kapata III ya 14 PCB, yuko JKT, na Keko nzima inamwita Dokta. Naanzia wapi?

#1 FundiMdogo_Keko

Wakuu, heshima kwenu.

Matokeo ya kidato cha sita yametoka na aliyeyafungua ni mimi, kwa sababu mdogo wangu wa kike yuko JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria. Namba yake ya mtihani aliniachia kwenye kipande cha karatasi kabla ya kupanda basi. Biolojia C, Kemia E, Fizikia S. Divisheni III, pointi 14.

Mtaani III ni kufaulu, kwa hiyo pongezi zimeshaanza kuingia. Jirani kaleta kreti ya soda. Mimi niliyekaa naye usiku akikokotoa Fizikia najua alichokuwa anakitaka, na najua kwamba hizi si pointi za kukipata.

Mzee wetu ni seremala hapa Keko. Tangu binti apangiwe PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, kidato cha tano, mzee hamwiti jina lake tena, anamwita Dokta. Karakana nzima ikafuata. Mpaka muuza mbao anayemdai mzee akija kudai anaanza na "Dokta anamaliza lini?" Bi mkubwa naye kikoba chake kimeshapanga sare ya kitenge kwa ajili ya siku ya koti jeupe. Juzi usiku mzee aliniuliza neno moja tu: "Kapita?" Nikamjibu kapita. Akalala.

Nauliza mawili. Dogo nimwambie vipi, maana kambini simu zinapatikana kwa kubahatisha? Na akirudi, njia gani ni ya kweli kwake, maana neno "kozi nyingine" hataki hata kulisikia.

Shule sitaji, kambi sitaji. Na wale wa "aolewe" naomba wapite kushoto.

#2 MpigaDebe Mstaafu

Aolewe.

#3 Binti_Tandika

#2 ulitaka sifa, umeipata. Sasa kaa pembeni watu waongee.

#4 MwlKemia

Pole mkuu, na umefanya vizuri kuuliza mapema. Wazazi wengi huanza kuuliza Septemba, awamu za udahili zimeshapita mbili.

Kwanza tenganisha hesabu mbili, maana hapa ndipo familia zinapochanganyikiwa. NECTA, yaani Baraza la Mitihani, kwao pointi ndogo ndiyo nzuri: A ni 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6, F 7. Wanajumlisha masomo matatu ya kombi. Kuanzia 3 hadi 9 ni Divisheni I, 10 hadi 12 ni II, 13 hadi 17 ni III. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wao wanageuza: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, S nusu. Ili uombe digrii unatakiwa uwe na masomo mawili ya ufaulu kamili, yaani E kwenda juu, na yakijumlishwa yafike 4.0.

Binti ana C na E. Tatu na moja, nne. Yuko ndani ya mlango wa chuo kikuu, kisigino kikiwa bado nje. Mwenzake mwenye D, E na S ana III ya 15, kwa NECTA wamepishana pointi moja tu, lakini kwa TCU yule ana 3.0 na digrii ya moja kwa moja hana. Wote wawili mtaani wanaambiwa "hongera, umepata three".

Udaktari ni hesabu nyingine kabisa. Unadai ufaulu kamili kwenye Fizikia, Kemia na Biolojia, yote matatu, na angalau D kila somo. S ya Fizikia imemfungia, na E ya Kemia nayo haitoshi. Na msidanganywe na hizo D tatu: hicho ni kiwango cha kuruhusiwa kuomba. Muhimbili viti vinagombewa na watoto wa I za pointi tatu, nne, tano. Nimewahi kuwa na mwanafunzi wa II nzuri tu ambaye mwaka wake hakupata udaktari popote alipoomba.

Kwa hiyo ile "kapita" uliyomwambia mzee ni nusu ya sentensi. Tafuta siku uimalizie.

#5 FundiMdogo_Keko

Mwalimu, ahsante. Hii ya TCU kugeuza pointi sikuwahi kuisikia, na nina miaka nasoma majukwaa haya.

#6 Kuruta wa Zamani

Mkuu, swali lako la kwanza nalifuta: dogo anajua.

Kambini matokeo hayachelewi. Mwaka wetu yalitoka tuko shambani. Kuna koplo alikuwa na simu yenye bando, jioni tukapanga foleni kombania nzima, kila mtu anataja namba yake na anasomewa. Ukisomewa unasogea, anayefuata anataja yake. Aliyepata I alilia. Aliyepata IV alicheka sana, akakaa siku mbili hasemi na mtu. Asubuhi filimbi ikapigwa, tukatoka mchakamchaka tukiimba kama jana yake.

Nikwambie kitu ambacho walio uraiani hawakitarajii: kwa siku zile kambi ilinifaa. Huna chumba cha kujifungia. Hakuna shangazi wa kupiga simu kutoka Tanga. Chakula ni saa yake, kazi ni saa yake, na kwenye bweni mmejaa watu wa pointi zote mkiwa na vipara sawasawa. Dada zetu nao vilevile.

Mimi hali yangu iliharibika siku niliyoshuka stendi ya Mbezi. Daladala ya kwanza mpaka nyumbani nilikuwa natunga jibu la kila mtu nitakayemkuta barazani. Nilikaa ndani karibu mwezi, natoka usiku kama popo.

Kwa hiyo maneno ya kumwambia dogo usiyatafute. Kazi yako iko Keko, na unazo wiki chache kabla hawajamaliza mafunzo.

#7 Binti_Tandika

#6 umeongea. Kaka yangu naye alijua matokeo yake kabla yetu, sisi tukawa tunamficha na yeye anatuficha, nyumba nzima inaigiza.

#8 Elimu Bila Mipaka

SULUHISHO LIPO! Udaktari nje ya nchi, hatuangalii pointi, D moja inatosha, nafasi chache zimebaki. Njoo faragha.

#9 MwlKemia

#8 tuwekee hapa hadharani, siyo faragha. Mtanzania anayekwenda kusoma nje anatakiwa kupata kwanza cheti cha TCU cha kutokuwa na pingamizi, na akirudi tuzo yake inapita tena kwa TCU kutambuliwa. Huyo mwanafunzi wako wa D moja anavukaje hapo? Jibu tu hilo.

#10 MwlKemia

Kimya. Nilitarajia.

#11 Mwana Mabibo

Mimi nimemaliza sita 2015, enzi za GPA, yaani wastani wa alama badala ya divisheni, kabla divisheni hazijarudishwa 2016. Cheti changu kimeandikwa Merit. Mpaka leo kuna waajiri wanakitazama kama noti ya nchi jirani.

Nataka kusema jambo kuhusu hii "digrii yoyote ilimradi digrii". Hosteli za Mabibo chumba chetu tulikuwa na wenzetu wawili walioingia kozi zao awamu ya mwisho, kwa sababu tu kulikuwa na nafasi na Bodi ya Mikopo inatoa mkopo. Mmoja mpaka muhula wa pili alikuwa hawezi kueleza kozi yake inahusu nini. Nyumbani alisema "sayansi" wakaridhika. Alimaliza, tena kwa GPA nzuri. Leo anafanya kazi isiyohusiana kabisa na kozi hiyo, na asilimia 15 ya mshahara inakwenda kulipa Bodi kila mwezi kama sheria inavyotaka. Mwingine aliipenda kozi aliyoangukia, sasa anasoma uzamili. Kwa hiyo sisemi usiombe.

Ninachosema: kabla dogo hajabonyeza chochote, achukue orodha ya masomo ya kozi hiyo, mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho, aisome jina kwa jina. Vyuo vingi vimeiweka mtandaoni. Kama hakuna hata somo moja analotamani kuingia darasani kulisikiliza, hiyo ni miaka mitatu au minne ya kumfurahisha jirani.

#12 Kiboko ya Mto Msimbazi

Mi naona mnazunguka. Ana 4.0, aombe digrii, amalize. Mkopo upo. Nafasi ya chuo kikuu unaiachaje halafu unaenda kuanza na cheti na watoto wa form four? Watu watasemaje?

#13 Mwana Mabibo

#12 hapo mwisho ndipo ulipotaka kufika tangu mwanzo.

#14 Bi Private

Habari za jioni. Naongea kama mtu aliyerudia, maana naona hiyo njia hamjaigusa.

Kurudia inawezekana, unajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, mtihani ni Mei kama wenzako wa shule. Lakini ukisikia mtu amerudia akafaulu muulize kombi gani. HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, unaweza kurudia huku unauza duka. PCB si hivyo. Fizikia, Kemia na Biolojia zote zina karatasi ya vitendo, kwa hiyo kabla hujalipa ada ya usajili hakikisha kituo kina maabara, na uwe na mahali pa kufanyia mazoezi ya vitendo mapema, siyo wiki ya mwisho. Nadharia utapata, tuisheni za Mchikichini zimetusaidia wengi, unakaa benchi mmebanana lakini mwalimu anafundisha kweli.

Kilichonishinda siyo masomo, ni mwaka wenyewe. Wenzako wanaposti picha za Mlimani, wewe unarudi na daftari lilelile la kidato cha tano. Kila mgeni akiingia nyumbani: "Uko likizo?" Mama alikuwa ananijibia: "Anasubiri chuo." Nikawa nasikia hivyo jikoni, natamani aseme tu kwamba narudia.

Fizikia yangu ilipanda kutoka S mpaka D. Kemia ikashuka. Ndiyo hivyo. Nikaenda kozi nyingine na sijutii ule mwaka, ila asirudie kwa sababu mzee hajui amwite nani. Arudie kama kuna kitu anakijua kilimwangusha na anaweza kukirekebisha. Fizikia S yake ilitoka wapi? Hakuelewa, au hakuwa na mwalimu? Mtu aliyesoma shule haina mwalimu wa Fizikia muhula mzima ana sababu ya kurudia. Aliyefundishwa vizuri, akajitahidi, akapata S, nisingemshauri.

#15 FundiMdogo_Keko

Bi Private, hilo swali zito. Mwalimu walikuwa naye mwaka wa kwanza, akahama, wakawa wanafundishana wenyewe mpaka karibu na mtihani. Sitaki kuisema shule.

#16 Tabibu wa Zahanati

Nimesoma mpaka hapa nikisubiri mtu aseme, naona hamjasema.

Stashahada ya utabibu haisomi cheti cha sita. Inasoma cha NNE. Kama ana D na kuendelea kwenye Fizikia, Kemia na Biolojia za kidato cha nne, na aliyepangiwa PCB lazima anazo tena nzuri, basi anaomba kupitia mfumo wa pamoja wa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, kama mwingine yeyote. Ni miaka mitatu. S ya Fizikia ya sita hawaiulizi. Nilipoingia darasani kwetu tulikuwa kundi zima la sita, tumekaa na vijana waliotoka nne moja kwa moja, na wiki ya pili hakuna aliyekumbuka nani ni nani, isipokuwa kwamba sisi Biolojia ilitupa nafuu.

Mkopo: tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi inakopesha pia stashahada za fani za kipaumbele, na afya imo. Zamani tulilipiwa na mashamba ya wazazi.

Baada ya hapo ukiwa na stashahada na GPA inayotakiwa unaweza kuomba udaktari chuo kikuu. Kiwango cha GPA na alama za form four kimeandikwa kwenye kitabu cha TCU cha mwaka husika, na hubadilika, msisome cha mwaka juzi. Hesabu yake: mitatu ya stashahada, mitano ya udaktari, mmoja wa mazoezi. Tisa, bila kuhesabu utakayofanya kazi katikati kutafuta ada. Sikufichi, wengi tunaishia katikati. Umeajiriwa, umeoa, mtoto anaanza darasa la kwanza, ile barua ya kuomba ruhusa ya masomo unaiandika kila mwaka huitumi.

Na kazi yenyewe si ya kubeza. Zahanati nyingi za nchi hii anayekupokea ni tabibu. Malaria ya mtoto, jeraha la bodaboda, presha ya bibi, vyote vinaanzia mezani kwangu. Wagonjwa wananiita dokta kutwa nzima, nimeshachoka kuwasahihisha.

#17 Kiboko ya Mto Msimbazi

Haya, mzee kashapata Dokta wake, uzi ufungwe 😂

#18 Binti_Tandika

Hapana bwana. #17 unacheka lakini hiyo ndiyo hatari yenyewe. Dogo asiingie utabibu ili jina libaki. Akifika wodini akakuta hapendi damu wala harufu, hilo jina litamsaidia nini?

#19 Tabibu wa Zahanati

Dada Tandika yuko sahihi. Aje akae nasi kituoni hata wiki moja kabla ya kuomba, aone foleni ya asubuhi. Vituo vingi ukiomba kwa mganga mfawidhi kwa heshima hawakatai.

#20 Babu wa Ukonga

Wajukuu, shikamooni hamjanipa lakini nawaitikia, marahaba.

Haraka hii mnayo ninyi. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, kijana wa kiume aliyemaliza sita hakwenda Mlimani moja kwa moja, hata angekuwa na alama za namna gani. Ulikwenda JKT mwaka, ukaenda kazini angalau miaka miwili, halafu mwajiri na tawi la chama wakakupendekeza. Mimi nilikuwa karani kwenye shirika la umma wakati wenzangu wengine wako viwandani. Tulipoingia chuo tulikuwa watu wazima, wengine wana watoto. Hakuna aliyeulizwa "mbona uko nyumbani mwaka mzima". Aibu hiyo ya kusubiri haikuwepo, imekuja baadaye.

#21 Mwana Mabibo

Shikamoo babu. Ila wakati huo ukisubiri ulisubiri kazini. Sisi tukisubiri tunasubiri barazani, na bando la kukopa.

#22 Babu wa Ukonga

Marahaba. Hapo umenishika, nakubali. Lakini basi mtafutieni cha kufanya, siyo lazima kiwe chuo. Baba yake ana karakana.

#23 Mama Wawili, Yombo

Mimi ni mzazi, mwanangu wa kwanza yalimkuta haya miaka kadhaa nyuma, kwa hiyo naongea na wewe FundiMdogo kama mwanangu.

Mwambie baba yako sasa, kabla binti hajarudi. Na usimwambie nyumbani mbele ya mama, wala mbele ya mafundi. Mkute karakana jioni watu wakishaondoka. Baba akisikia peke yake atapata nafasi ya kukasirika au kuhuzunika bila kuangaliwa, na binti akirudi atakuta ile hasira ya kwanza imeshapoa. Baba wengi siyo wabaya, ni ile dakika kumi ya kwanza ndiyo inayosema maneno ambayo mtoto hayasahau.

Halafu hili la jina. Wengine watakwambia acheni kumwita Dokta. Msiache ghafla. Akishuka kwenye basi akasikia baba anamwita jina lake la shule, ataelewa amevuliwa cheo. Muulizeni yeye anatakaje. Wangu aliniambia, "Mama, niite unavyoniita ukiwa na haraka." Basi.

Na mwangalie. Kulia si tatizo, kukasirika si tatizo. Asipokula siku nyingi, asipolala, akianza kugawa vitu vyake, au akisema maneno ya kutaka kupotea au kufa, msimwache peke yake na msiseme ni drama za vijana. Mpelekeni hospitali, Muhimbili kuna idara nzima ya afya ya akili, na anayekwenda pale si mwendawazimu kama wanavyosema mtaani.

#24 Kuruta wa Zamani

Mama Wawili, ungekuwepo Mbezi siku ile ningeshukia kwako.

#25 Mchambuzi Kinondoni

Nachomekea kwa ajili ya wanaosoma kimyakimya ambao hawakufika 4.0: Chuo Kikuu Huria wana programu ya msingi, makao makuu hapa Kinondoni. Ukiwa na angalau 1.5 ya masomo mawili ya sita wanakupokea, ukimaliza kwa GPA ya 3.0 na alama zinazotakiwa kwenye masomo ya fani yako unaingia digrii. Pia stashahada za biashara, ustawi wa jamii, maji, usafirishaji na kadhalika, Dar hii vyuo vimejaa: CBE, Ustawi wa Jamii Kijitonyama, Chuo cha Maji Ubungo, NIT Mabibo. Na maonesho ya vyuo vikuu ya TCU yakifika Mnazi Mmoja nendeni mkaulize ana kwa ana, meza kwa meza, ni bure.

#26 FundiMdogo_Keko

Mrejesho wa kwanza.

Nimefuata ya Mama Wawili. Nilimkuta mzee jana karakana, mafundi wameondoka, anapiga msasa mguu wa kitanda. Nikamwambia yote, hesabu ya NECTA na hesabu ya TCU, nikamwandikia kwa penseli kwenye kipande cha plaiwudi. Aliendelea kupiga msasa muda mrefu mpaka nikadhani hajasikia.

Kisha akauliza, "Hiyo S ni nini? Kafeli?"

Nikamwambia si kufeli kabisa, ila haihesabiki kuwa ufaulu kamili.

Akasema, "Kwa hiyo tumekunywa soda ya watu bure."

Nikacheka, na yeye akacheka kidogo, halafu akanyamaza. Baadaye akauliza ya tabibu ni miaka mingapi na ni shilingi ngapi, nikamsomea #16 yote kwenye simu. Nilipofika kwenye "wengi tunaishia katikati" akaniambia rudia hapo. Nikarudia. Akasema huyo mtu ni mkweli.

Hakupiga kelele. Ila leo hajaenda kazini, kasema ana kichwa. Bi mkubwa kamjua tu, kaniuliza mimi, nikamwambia. Amelia, akapiga simu kikoba kusema kitenge kisubiri. Nilitamani asipige hiyo simu lakini ndiyo ameshapiga.

#27 Mama Wawili, Yombo

Mwache baba na kichwa chake. Na simu ya kikoba nayo ni njema, kuliko akae anadanganya kila Jumamosi.

#28 Kiboko ya Mto Msimbazi

Mzee yuko vizuri kuliko nilivyotarajia. Wangu angeuza godoro.

#29 FundiMdogo_Keko

Mrejesho wa pili, na nina swali.

Dogo amepiga leo mchana kwa simu ya afande. Kuruta ulisema kweli, alijua siku ileile. Na amekasirika, siyo kwa matokeo, kwa sababu hatukumtafuta. "Mlinyamaza wiki nzima nikajua mzee kanikataa." Nikampa mzee simu. Sikusikia waliyoongea, mzee alitoka nayo nje mpaka barabarani. Waliongea mpaka salio la afande likakata.

Baadaye akapiga tena kwa dakika chache akanipa maagizo kama bosi. Kwanza haamini E ya Kemia, anataka kukata rufaa. Pili, kurudia bado hajaamua, nimemtumia maswali ya Bi Private kwa ujumbe. Tatu, niandae vyeti vyake vya kuombea utabibu kwanza, mengine ataangalia akirudi. Digrii ya kitu kingine kasema hapana, asiulizwe tena mpaka yeye mwenyewe aulize.

Sasa nimetoa vyeti kabatini. Cheti cha kuzaliwa kina majina matatu, cha form four kina mawili, na jina la kwanza kimoja kina "h" kingine hakina. Hii itasumbua?

#30 MwlKemia

Rufaa NECTA wanapokea, kuna ada na kuna muda wa mwisho, ulizieni mapema kupitia shule aliyofanyia. Ila msisimamishe maombi mengine mkisubiri jibu, rufaa hubadilisha matokeo mara chache kuliko watu wanavyodhani. Akate rufaa kama kweli Kemia ilikuwa inamwendea vizuri kwenye majaribio yote, siyo kwa hasira.

Majina: itasumbua, na hasa kwenye mkopo, kwa sababu cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa na RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, na majina yanalinganishwa. Mwone wakili au nenda mahakamani atengenezewe hati ya kiapo kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja. Kazi ya siku moja. Toa nakala za kutosha, utaombwa kila mlango.

#31 Binti_Tandika

Na mwenye jina anatakiwa kusaini kiapo mwenyewe, si ndiyo? Yuko kambini.

#32 MwlKemia

Kweli, nilisahau yuko kambini. Basi wakili aandae rasimu kabisa, siku akirudi asaini, yeye tu. Kwa sasa hakiki cheti cha kuzaliwa RITA mtandaoni, hiyo haimsubiri.

#33 FundiMdogo_Keko

Sawa mwalimu. Na kama jina lililokosewa ni la mzee kwenye cheti cha kuzaliwa cha dogo? Nimeangalia tena sasa hivi, wameandika jina la babu.

#34 Tabibu wa Zahanati

Hiyo sasa ni ya kurekebisha RITA kwenyewe, kiapo peke yake hakitatosha. Nenda na kitambulisho cha taifa (NIDA) cha mzee, na mzee mwenyewe. Fika asubuhi sana.